Glovu za Ndondi Zipimwe Kabla ya Kununuliwa

Jina la Tanzania katika ndondi halikujengwa kwa utajiri wa vifaa. Mwaka 1970 Titus Simba alirejea kutoka Edinburgh na medali ya fedha ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Mwaka 1998 Michael Yombayomba alitwaa ya dhahabu mjini Kuala Lumpur, na mwaka 2018 Hassan Mwakinyo wa Tanga alimshinda Sam Eggington huko Birmingham. Hata hivyo, ushujaa wa mabondia hao hauwezi kuwa kisingizio cha kuwanunulia vijana vifaa vibovu.

Chukua mfano wa mwalimu wa michezo wa Mazingara, wilayani Handeni, aliyekabidhiwa fedha za kununua glovu. Atapanda basi la Korogwe au Tanga, na dukani atakuta mng'aro wa ngozi bandia, jina la kampuni na bei. Yote matatu hayasemi lolote juu ya sponji iliyomo ndani. Nayo sponji hiyo ndiyo inayosimama baina ya ngumi ya kijana mmoja na ubongo wa mwenzake.

Katika maabara, sponji hupimwa kwa kuiangushia uzito maalumu kutoka kimo maalumu, mara nyingi, huku chombo kikisoma kishindo kinachopenya. Kifaa bora ni kile kinachopunguza pigo la mwisho karibu sawa na la kwanza. Mwalimu hana maabara, lakini hakosi mizani. Glovu ya aunsi 10 sharti iwe na gramu 284 hivi. Ya aunsi 16, ambayo hutumiwa sana mazoezini, gramu 454. Uzito peke yake hautoshi, kwa kuwa waweza kurundikwa penye kiwiko cha mkono badala ya penye vifundo vya vidole. Kwa hiyo abonyeze hapo penye vifundo, akague mishono, na ahakikishe kwamba dole gumba la glovu limeshikizwa, lisije likachoma jicho la mtu.

Kofia ya kukinga kichwa nayo isitukuzwe kupita kiasi. Hupunguza mipasuko ya uso, lakini haizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Mwaka 2013 AIBA, chama cha kimataifa cha ndondi za ridhaa, kilianza kuwaondolea wanaume watu wazima kofia hizo ulingoni. Muuzaji anayeahidi kwamba kofia yake itamlinda kijana na kila dhara anauza maneno matupu.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Kamati ya ununuzi inayochagua bei ya chini pasipo kipimo haiokoi fedha za umma. Inaahirisha hasara tu, na pengine kuigeuza kuwa majeraha.

Nchi haikosi vyombo vya kazi hii. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na Shirika la Viwango kwa sheria ya mwaka 1975. Vyombo hivyo havina budi kushirikiana kupima glovu zinazouzwa madukani, kisha kutangaza matokeo kwa Kiswahili chepesi, pamoja na majina na bei. Maofisa michezo wa wilaya nao wayafikishe matokeo hayo shuleni. Mwalimu wa Mazingara anastahili kujua anachonunua kabla kijana hajavaa glovu na kupanda ulingoni.