Elimu Iliyofungiwa Kabatini

 

Ndugu Waislamu, Qur'an Tukufu (9:122) inatufunza kwamba kundi miongoni mwa waumini litoke kwenda kujifunza dini, kisha liwaonye watu wake litakaporejea kwao. Safari hiyo ina sehemu mbili: kuitafuta elimu na kuirejesha. Wengi wetu tumeitimiza ya kwanza tu.

Tuliosoma katika vyuo vya Kiarabu tumeandika tasnifu, zikapitishwa na masheikh, zikajalidiwa, zikafungiwa kabatini. Wazazi waliotuombea dua na waumini waliotuchangia nauli hawajui hata tuliandika juu ya nini. Je, hivi ndivyo amana inavyorejeshwa?

Waliotutangulia hawakuwa hivyo. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alinufaika na fikra za jarida la al-Manar, lililoasisiwa Cairo mwaka 1898, wala hakuzifanya siri ya wajuao Kiarabu. Mwaka 1932 alitoa gazeti la al-Islah kwa Kiarabu na Kiswahili. Naye Sheikh Abdallah Saleh Farsy akatuachia tafsiri ya Qur'an nzima kwa lugha yetu, iliyochapishwa mwaka 1969.

Wapo wanaouliza: yafaa kushirikiana na watafiti wasio Waislamu? Baghdad ya Bani Abbas ilimtegemea Hunayn bin Ishaq, tabibu Mkristo, katika kufasiri vitabu vya tiba vya Kiyunani. Na hapa kwetu, hati za mkono za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zilipigwa picha kwa ushirikiano na watafiti kutoka Norwei, chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza. Picha hizo husomwa bila malipo. Basi ushirikiano si kosa. Kosa ni kuuingia bila masharti. Anayekuja kunakili vitabu vya babu zetu aache nakala kwetu, na matokeo ya utafiti wake atuletee kwa Kiswahili.

Lakini sharti hilo litakuwa na uzito gani ikiwa sisi wenyewe hatulitimizi? Tunapendekeza kila mhitimu aifupishe tasnifu yake katika kurasa chache za Kiswahili, aisome msikitini baina ya Magharibi na Isha, na akubali kuulizwa. Sisi tutaanza na yetu. Mtume (s.a.w.) ametuonya juu ya adhabu ya mwenye kuulizwa elimu akaificha. Nanyi waumini, tuulizeni. Ni haki yenu.