Taa Moja, Swichi Mbili

Wiki hii tunazungumza na wenye nyumba wa Voi, Mwatate na vitongoji vyake, ambako aghalabu jiko na choo hujengwa nje, mbali kidogo na nyumba kuu. Anayeamka kupika daku huuvuka ua gizani, na katika nchi kavu kama ile nge na nyoka hawana saa maalumu. Taa iwashwayo mlangoni pa nyumba na kuzimwa jikoni si anasa.

Kazi yenyewe haina muujiza. Kila swichi ya namna hii ina vishikizo vitatu vya waya badala ya viwili. Umeme huingia katika kishikizo kikuu cha swichi ya nyumbani, hupita katika mojawapo ya nyaya mbili zinazovuka ua, kisha hutoka katika kishikizo kikuu cha swichi ya jikoni na kuifikia taa. Swichi zote mbili zikiuelekea waya uleule, taa huwaka, zikiachana, huzima.

Penye hatari ni waya wa kurudi, yaani nyutro. Ili kuokoa mita chache za waya, baadhi ya mafundi huutwaa umeme wa taa nyumbani, kisha nyutro wakaiazima katika soketi za jikoni. Taa huwaka vizuri, na mwenye nyumba hulipa akishukuru. Miaka baadaye huja fundi mwingine kutengeneza soketi. Huizima swichi ya soketi katika sanduku la umeme, akaamini kuwa nyaya zimekufa. Aifunguapo nyutro ile ilhali taa imewashwa, volti 240 humjia kupitia taa, katika waya aliouhesabu kuwa salama. Wala rangi haitamwonya: ni buluu katika nyaya za sasa, nyeusi katika nyumba za zamani, nayo yaua vilevile. Kwa hiyo nyutro ya taa na iandamane na nyaya za taa hiyohiyo, zitoke mahali pamoja, hata ikigharimu waya wa ziada.

Umeme wa matumizi ni jambo jingine. Birika la wati 2,000 huvuta zaidi ya ampea 8, mzigo usiofaa kutundikwa kwenye waya mwembamba wa taa. Soketi za nje ziwe na waya wake, swichi yake ya kinga nyumbani, na swichi ya kuzimia yote palepale jikoni. Waya upitao chini uwe wenye deraya ya chuma, ufukiwe kina kisichofikiwa na jembe. Kuufunga kwenye kamba ya kuanikia nguo, kama tuonavyo mara nyingi, hakukubaliki.

Tena kuna udongo. Udongo mwekundu wa Voi ukikauka hupitisha umeme kwa shida, hivyo nondo ya ardhi iliyotosha wakati wa masika yaweza kutotosha kiangazi. Wundanyi, juu milimani, kuna unyevu zaidi, lakini hapana dhamana. Fundi aipime kwa chombo, tena wakati wa ukavu, na aweke swichi ya kukata umeme unaovuja, ya miliampea 30. Muulizeni kwanza leseni yake ya EPRA. Kuuliza si kumvunjia heshima. Na mtaro usifukiwe kabla swichi zote mbili hazijajaribiwa kwa zamu, na nyaya hazijapimwa mwanzo hadi mwisho.