Ziwa la Mbali Lichaguliwe kwa Aliye Dhaifu

Nyumba nyingi za mwambao wetu siku hizi zina jamaa Kanada. Si ajabu, majira ya joto ya huko yakikaribia, simu ikaja kumwalika mama au shangazi akawatazame wajukuu, na ndani ya mwaliko huo ikawemo safari ya kwenda kuvua samaki katika ziwa la mbali. Mwaliko ni wa mapenzi, haukataliwi. Lakini ni ziwa lipi? Jimbo la Ontario peke yake lina maziwa yapatayo 250,000. Aliyesema "twendeni ziwani" bado hajasema kitu.

Aghalabu wenye kuchagua ni vijana wa kiume, na swali lao la kwanza ni mahali walipo samaki wakubwa. Swali hilo halina ubaya, ila si la kwanza. La kwanza ni hili: miongoni mwa watakaokwenda, ni nani aliye dhaifu zaidi? Ni bibi mwenye kisukari, mtoto wa miaka 3, au binti mwenye mimba? Ziwa limfaalo huyo litawafaa wote.

Tuanze na umbali. Yako maziwa yasiyofikika ila kwa ndege ndogo inayotua majini. Ndege hiyo huwashusha pamoja na mizigo yenu, ikaenda zake, na kurudi siku ya miadi. Ukungu ukitanda au upepo ukizidi, huenda isije siku hiyo. Simu ya mkononi huko haishiki. Basi mwenye kutegemea insulini achukue ya siku za ziada, na msafara uwe na simu ya setilaiti. Hayo yasipowezekana, chagueni ziwa lenye barabara. Hifadhi ya Algonquin, iliyoanzishwa mwaka 1893, iko mwendo wa saa 3 hivi kwa gari kutoka Toronto, na maziwa yake yanazidi elfu moja. Ziwa Nipigon lina sifa kubwa ya samaki aina ya trauti, lakini kulifikia kutoka Toronto ni zaidi ya kilomita 1,200, yaani zaidi ya mara mbili ya safari ya Mombasa hadi Nairobi. Mzee na mtoto watakuwa hoi kabla ya kuyaona maji.

La pili ni majira. Great Bear Lake, kaskazini kabisa, huwa na barafu hata mwezi wa Julai ukaingia. Tena mwishoni mwa Juni kuna siku ambazo jua halizami katika upande wake wa kaskazini, hivyo familia iwaulize mapema wenye elimu kuhusu nyakati za sala. Katika maziwa ya kusini, Juni ndio msimu wa mbu na wa nzi weusi wadogo waumao hadi damu ikatoka. Mwenye watoto wachanga na angoje Agosti, wadudu wakishapungua.

La tatu ni maji yenyewe. Sisi tuliolelewa kando ya Bahari ya Hindi tumezoea maji ya uvuguvugu, tukadhani kujua kuogelea kwatosha. Maji baridi yana hukumu nyingine. Wakufunzi wa usalama huko hufundisha hesabu ya moja, kumi, moja: aliyetumbukia katika maji ya barafu ana dakika 1 ya kuituliza pumzi, dakika 10 za kuweza kuitumia mikono na miguu yake, na saa 1 hivi kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Sheria ya Kanada yataka chombo kiwe na jaketi la kuokolea maisha linalomkaa sawa kila abiria. Kuwamo chomboni hakutoshi. Livaliwe tangu ufukoni.

La nne latuhusu sisi wapishi. Samaki wakubwa walao wenzao, kama paiki na trauti wazee, hukusanya zebaki mwilini. Haina harufu wala ladha, na haiondoki kwa kukaangwa wala kwa kutiwa nazi. Kati ya mwaka 1962 na 1970 kiwanda kimoja cha mji wa Dryden kiliimwaga zebaki katika mto Wabigoon, na wenyeji wa Grassy Narrows, waliokuwa wakila samaki wa maji hayo, wanaugulia madhara yake hadi leo. Serikali ya Ontario hutoa mwongozo unaoeleza, ziwa kwa ziwa, ni samaki gani waliwe na mara ngapi kwa mwezi, na huwawekea kiwango chao mbali wanawake wenye umri wa kuzaa na watoto walio chini ya miaka 15. Jina la ziwa likitajwa, litafutwe humo kwanza. Aghalabu samaki mdogo ndiye kitoweo salama zaidi.

Basi, mama ukialikwa, usione haya kuuliza: tutafikaje, hospitali iko umbali gani, na samaki wa huko analika? Mgeni mtu mzima na akatiwe leseni ya uvuvi kabla ya kutupa ndoana. Na siku ya kuondoka, jina la ziwa na tarehe ya kurejea viandikwe, aachiwe jamaa atakayebaki mjini, ili mkichelewa ajue pa kuwatafuta.