Mwigizaji Aliyerudi Kumwulizia Pole Pole

Waigizaji wa sinema wanaojitia katika mambo ya wanyama ni wengi, na wengi wao, nasema kweli, hawanisisimui. Mtu hupigwa picha akimkumbatia mtoto wa kifaru, magazeti ya kwao yakaichapa, na kabla kifaru mwenyewe hajaacha kunyonya chupa, mgeni huyo amekwisha kurudi kwao kutengeneza filamu nyingine. Virginia McKenna, yule Mwingereza aliyeigiza kama Joy Adamson katika "Born Free", simtii katika kundi hilo hata kidogo. Yeye alirudi kuwaulizia wanyama aliocheza nao. Majibu aliyopata yalimpa kazi nyingine, iliyodumu miaka mingi kuliko siku zake zote za kuwa nyota wa sinema.

Ni vyema ieleweke kwamba hakuja Kenya kutafuta jina. Alizaliwa London mwaka 1931, akajifunza uigizaji huko huko, na kufikia mwaka 1956 alikuwa amekwisha kusifiwa sana kwa filamu ya "A Town Like Alice", iliyompatia tuzo ya mwigizaji bora wa kike wa Uingereza. Mwaka 1958 akaigiza maisha ya Violette Szabo, mwanamke shujaa aliyetumwa Ufaransa kupeleleza wakati wa vita na akauawa na Wajerumani. Mwanamke wa sifa hizo hakuhitaji kupanda juu kwa mgongo wa simba.

Alipokuja hapa mwaka 1964 pamoja na mumewe, Bill Travers, aliyechukua nafasi ya George Adamson, watengenezaji wa filamu walikuwa wameleta simba waliofunzwa katika sarakasi. Simba hao hawakufaa. George Adamson mwenyewe, aliyekuwa mshauri wao, aliwaonyesha njia tofauti: keti na simba, tembea naye, mzoee naye akuzoee, halafu kamera ifuate. Kwa hiyo mambo mengi unayoyaona katika sinema ile si mchezo mtupu. Mama yule anatembea kweli na simba katika nyika za Naro Moru, hana fimbo wala kiboko mkononi.

Filamu ilitoka mwaka 1966, muziki wake ukashinda tuzo za Oscar, na dunia nzima ikalia machozi kwa ajili ya Elsa aliyerudishwa porini. Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Wale simba waliomwigiza Elsa walikwenda wapi? Watatu tu, Boy, Girl na Ugas, walipewa George Adamson akawapeleke Meru kuwafundisha maisha ya porini. Wengi wa wenzao waligawanywa kwenye bustani za wanyama na mahali pengine pa kutazamwa kwa tikiti. Yaani sinema iliyohubiri uhuru iliwalipa waigizaji wake kifungo! McKenna na mumewe walipinga jambo hilo, na mwaka 1967 ikatoka filamu nyingine ambayo Travers alishiriki kuitengeneza, "The Lions Are Free", ili watu waelezwe yaliyowapata simba hao.

Lakini kisa kilichombadilisha kabisa ni cha ndovu. Mwaka 1968 walirudi kupiga filamu Tsavo, ambako David na Daphne Sheldrick walikuwa wakilea ndovu yatima. Miongoni mwa wanyama walioigiza alikuwamo mtoto wa kike wa ndovu, umri wake kama miaka 2, aliyeitwa Pole Pole. Waingereza wakalitafsiri jina hilo, wakaliweka katika anwani ya filamu: "An Elephant Called Slowly". Kazi ilipokwisha, wale mume na mke waliomba wamnunue ndovu huyo abaki kwa akina Sheldrick. Wakajibiwa kwamba alikuwa amekwisha kuahidiwa bustani ya wanyama ya London kama zawadi, na kwamba wakimchukua yeye atakamatwa mwingine badala yake. Hawakutaka mtoto wa pili anyang'anywe mama kwa sababu yao. Pole Pole akasafirishwa.

Zawadi ya nani? Ya Serikali ya Kenya. Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kana kwamba dhambi yote ni ya Waingereza na vizimba vyao, nami siwezi kuwatetea. Ila ndovu huyo alitoka hapa kwa mkono wetu, katika miaka ambayo kumpa mgeni mnyama aliye hai kulihesabiwa kuwa heshima, kama anavyopewa mbuzi mkwe. Sikumbuki kusikia Mkenya yeyote aliyetoka wakati ule kuuliza zawadi hiyo inaendeleaje.

McKenna aliuliza. Mwaka 1982 alipata habari kutoka kwa Daphne Sheldrick kwamba Pole Pole, aliyekuwa sasa peke yake katika nyumba ya ndovu na ameanza kuwa mkorofi, huenda akauawa. Yeye na mumewe wakaenda London kumtazama. Waliita jina lake, naye akasogea, akanyoosha mkonga akawagusa mikono. Miaka zaidi ya 12 ilikuwa imepita. Walifanya kampeni arudishwe Afrika, haikukubaliwa. Iliamuliwa ahamishiwe Whipsnade, na Oktoba 1983, baada ya kusimama saa nyingi ndani ya sanduku la kusafirishia, alianguka akaumia. Madaktari walimlaza kwa dawa wapate kumchunguza, na hakuamshwa tena. Alikuwa na umri wa miaka 16 au 17 hivi, ambao kwa ndovu ni usichana.

Mwaka uliofuata, 1984, McKenna, mumewe na mwana wao Will walianzisha Zoo Check, chama cha kuchunguza jinsi wanyama wanavyofungwa. Mwaka 1991 chama kikachukua jina la ile sinema, kikawa Born Free Foundation. Travers alifariki mwaka 1994, mkewe akaendelea. Mwanzo wa mwaka 2023 alitunukiwa cheo cha Dame. Nao ndovu wa London waliondolewa katika bustani ile ya Regent's Park mwaka 2001, baada ya mtunzaji wao mmoja kuuawa.

Najua watakaoniambia kwamba Wazungu hawa wanalilia simba na hawamlilii mtu. Si maneno ya bure. Simba yule Boy, mmoja wa wale watatu walioachiliwa, mwaka 1971 huko Kora alimwua msaidizi wa George Adamson, Mwafrika aliyeitwa Stanley, na ikabidi Adamson ampige risasi simba wake. Ni wangapi waliolia kwa Elsa wanaolijua jina la Stanley? Na katika "Born Free" yenyewe, Peter Lukoye na Omar Chambati waliowaigiza Nuru na Makkede wana nafasi ya kubeba na kuitikia tu, ilhali watu hao wawili katika maisha ya kweli ndio waliokuwa na Elsa kila siku. Kasoro hiyo haiwezi kufichwa kwa muziki mtamu.

Hata hivyo sikubali kwamba ubaya wa sinema ya mwaka 1966 ufute kazi iliyofuata. Katika nchi ya Amboseli chama hicho kimewajengea wafugaji maboma ya nguzo na seng'enge ambayo simba na fisi hawawezi kuyapenya usiku, mwenye boma naye akichangia sehemu ya gharama. Huko Meru, Wakenya walioajiriwa nacho hupita mbugani wakitegua mitego ya waya. Mimi kazi ya boma naiheshimu kuliko filamu zote na kuliko cheo cha Dame, kwa sababu inaanza na ng'ombe wa mtu, hapo ambapo ugomvi na simba huanzia. Ningefurahi kuona sinema juu ya kazi hiyo, na ndani yake akina Nuru na Makkede wa leo wakipewa maneno mengi kuliko simba.