Simba mtu sio kichekesho, kaka

Leo nina neno na msanii mmoja wa bongo muvi. Jina nalihifadhi, akisoma atajijua mwenyewe. Juzi kati alihojiwa, akasema anajipanga kutoa filamu ya simba mtu wa Singida, iwe kama zile za Wazungu za mtu anayegeuka mbwa mwitu, ila ya kuchekesha. Mtangazaji akacheka, na yeye akacheka. Mimi huku Issuna sikucheka.

Msinielewe vibaya. Sinema za kutisha ndio ugonjwa wangu. Nina sanduku la bati limejaa magazeti: Sani za zamani alizoniachia baba mdogo, Film Tanzania mbili zimeliwa na mchwa pembeni, na Fangoria moja ya Marekani niliyoikuta kwa muuza karanga Singida mjini. Jamaa alikuwa anataka kuichana afungie karanga! Nikampa buku, nikasepa nayo.

Kwa kufuatilia magazeti kama hayo ndio nikajua habari za An American Werewolf in London ya 1981, na jinsi Rick Baker alivyofanya mkono wa mtu urefuke mbele ya macho yako. Kazi ile ilimpa Oscar. Baker huyo huyo na mwongozaji John Landis ndio waliomgeuza Michael Jackson kwenye Thriller. Wengi tunadhani pale anageuka mbwa mwitu, kumbe ni mnyama wa jamii ya paka. Yaani karibu kabisa na simba wetu.

Sasa tofauti iko hapa. Mbwa mwitu wa sinema hana kosa. Aling'atwa, mwezi ukijaa anageuka, asubuhi hakumbuki kitu. Simba mtu sio hivyo. Kati ya 1946 na 1948 watu waliuawa kweli huku kwetu. Serikali ya mkoloni mwanzoni ikadhani ni simba wa porini. Baadae kesi zikafika mahakamani na watu wakanyongwa. Hakukuwa na mwezi pale. Ni binadamu aliyevalishwa ngozi akashikishwa kisu. Wazee wanasimulia kwamba wengine walichukuliwa wakiwa wadogo, wakafungiwa ndani, na mwenye ugomvi na jirani yake aliweza kwenda kumkodi mtu wa hivyo.

Bibi yangu alikuwa mtoto miaka ile. Mpaka leo giza likiingia hataki mtu amwite jina akiwa nje. Siku moja nikamwonesha picha ya mbwa mwitu kwenye Fangoria yangu. Akaiangalia weee, akaniuliza: "Huyu katumwa na nani?"

Nikamwambia hajatumwa bibi, kang'atwa tu.

Akanirudishia gazeti. "Basi huyo mgonjwa."

Nimelifikiria sana neno lile. Wazungu wanamwogopa mnyama aliye ndani ya mtu. Bibi anamwogopa mtu aliyelipa.

Na sio mambo ya zamani tu. Nikiwa kidato cha pili kuna mwenzangu alikuwa ananiuliza mbele ya darasa kama nimekuja na mkia. Darasa zima linakufa mbavu. Filamu yako ikija ya kuchekesha, watoto wetu wataulizwa swali hilo hilo.

Kaka, sikukatazi. Mussa Banzi alituletea Nsyuka na Shumileta, tukaangalia kwenye vibanda huku tumeziba macho, na hatukuhitaji kichekesho. Itengeneze, mimi nitakuwa wa kwanza kulipa. Ila kabla hujatafuta manyoya na kucha za bandia, njoo ukae na wazee, wamebaki wachache. Halafu kwenye filamu yako usituoneshe aliyevaa ngozi tu. Tuoneshe na aliyemtuma.

Wadau, nyie mnasemaje? Na wewe wa Singida, kwenu walikusimuliaje? Tupia hapo chini, nasoma zote.