Ubingwa wa Fiziotherapia na Miaka Yake Kumi

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako niwajibu wale wanaodai kwamba mtaalamu wa fiziotherapia, akiisha kupata cheo cha ubingwa, hana haja ya kupimwa tena. Hapa Marekani, ambako mpango wa ubingwa wa fani hii uliasisiwa mwaka 1978, na mabingwa wa kwanza, wa tiba ya moyo na mapafu, wakathibitishwa mwaka 1985, mtaka cheo, kama hakupitia mafunzo maalumu, hudhihirisha saa 2,000 za kuwahudumia wagonjwa wa tawi lake ndipo aruhusiwe kufanya mtihani. Na cheo chenyewe hudumu miaka 10 tu.

Wako waliolalamika kuwa kupimwa tena huko ni taklifu. Mimi naona ni insafu. Kulikuwa na zama ambapo mwenye maumivu ya kiuno aliamriwa alale kitandani siku nyingi, na leo ilmu imebainisha kwamba kuendelea kutembea, hata kwa kujikongoja huku ameshika kiuno, kunamfaa zaidi; basi bingwa aliyebaki na daftari lake la zamani atamdhuru mgonjwa kwa nia njema kabisa.

Lakini ubingwa huu ni wa hiari, si leseni, na gharama yake mara nyingi humwelemea mtumishi mwenyewe. Waajiri, ambao hawakawii kuyabandika majina ya mabingwa wao mlangoni, wailipe gharama hiyo, tena wampe ruhusa ya kusoma.

Wako mtiifu,
Msomaji, Minneapolis