Pampu ya Mafuta si Deni la Dereva



Katika mitaa ya Kampala wanakopanga madereva wa teksi, tangu Bwaise na Kalerwe mpaka Ndeeba na Nateete, kazi ya gari haiishi gari linapotoka barabarani. Saa tatu za usiku utawakuta dereva na konda wamelala uani chini ya vani kuukuu, tochi mkononi, wanashusha tangi ili wabadilishe pampu ya petroli. Kesho alfajiri gari linatakiwa liwe kwenye steji. Tajiri mwenye gari amelala kwake, na hesabu yake ya kesho ni ile ile, gari lipone lisipone.

Tunataka kuizungumza kazi hii waziwazi, kwa sababu wengi huiona kuwa jambo dogo la mtu na gari lake. Sisi tunasema sivyo. Pampu ya mafuta ni chombo cha kazi, na kuibadilisha ni kazi. Mwenye mali ndiye mwenye gharama ya mali yake, na anayeifanya kazi hiyo anastahili malipo na usalama. Leo dereva hapati hata kimoja kati ya hivyo viwili.

KWA NINI PAMPU HUFA

Magari yetu mengi ni vani za Toyota HiAce zilizokwisha tumika nchi nyingine kabla ya kufika hapa. Tangu mwaka 2018 sheria inakataza kuingiza nchini magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi, lakini yaliyokwisha ingia yanaendelea kutulisha, na yanazeeka mikononi mwetu.

Katika magari ya zamani yenye kabureta, pampu imefungwa ubavuni mwa injini kwa boliti mbili na husukumwa na kemshafti. Ikifa, dereva mwenye spana na gasketi mpya anaweza kuibadilisha kwa muda mfupi, mradi injini imepoa na hakuna moto karibu. Katika magari ya injeksheni mambo ni mengine. Pampu ni ya umeme, imewekwa ndani ya tangi, na husukuma petroli kwa nguvu inayozidi ile ya pampu ya kabureta mara nyingi. Pampu hii hukaa ndani ya petroli, na petroli hiyo hiyo ndiyo inayoipoza na kuilainisha. Tangi likikaa karibu tupu siku zote, pampu hupata joto, hunyonya hewa na uchafu wa chini ya tangi, na mwisho huungua.

Sasa tuulize: nani anaendesha gari tangi tupu, na kwa nini? Dereva hatii mafuta kidogo kwa kupenda. Hutia ya safari moja au mbili kwa sababu asubuhi hana fedha mfukoni. Hutia kidogo kwa sababu petroli atakayoiacha tangini jioni huenda kesho ikachomwa na mwingine atakayepewa gari. Katika fedha za siku hutoka kwanza hesabu ya tajiri, halafu mafuta, halafu ada za steji na posho ya konda. Kinachobaki ndicho mshahara wake, na siku nyingine hakibaki kitu.

Na nchi yetu haina bandari ya baharini. Njia ya mafuta ikizibwa, dereva wa Kampala huumia wa kwanza. Ilikuwa hivyo mwanzoni mwa mwaka 2008, ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya zilipokata njia. Ilikuwa hivyo tena Januari 2022, malori yalipokwama mipakani Malaba na Busia kwa sababu ya vipimo vya Korona, na lita moja ya petroli ikauzwa mpaka shilingi 10,000 katika baadhi ya vituo. Siku kama hizo tangi hukauka, na takataka zote zilizolala chini hupanda kwenye pampu.

Kwa hiyo pampu inapokufa, tusikubali kuambiwa kwamba dereva kaiua kwa uzembe. Mara nyingi imeuawa na utaratibu wa hesabu. Kumtoza dereva gharama yake ni kumlipisha mara mbili.

HATARI INAYOLALA UANI

Wako wanaosema kwamba kufanya kazi hii nyumbani ni akiba. Ni kweli kwamba fundi hulipwa, na ni kweli kwamba dereva mwenye ujuzi anaweza kuifanya vizuri. Hatuwadharau madereva wenye ujuzi. Lakini tuzipime faida na hasara zake bila kujidanganya.

Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi kali kuliko usiku wo wote wa Kampala. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea. Hutambaa chini, huingia mferejini, hupita chini ya mlango wa jirani mpaka kwenye sigiri ya anayepika. Tangi lililomwagwa mafuta si salama kwa kuwa ni tupu. Limejaa mvuke, nalo laweza kulipuka vibaya kuliko lililojaa petroli. Ndiyo maana mafundi wazoefu wa Katwe hawakubali kuchomelea tangi ambalo halijasafishwa kabisa.

Ua wa nyumba za kupanga si karakana. Pana watoto, pana nguo zimeanikwa, pana jiko la mkaa kila mlango. Cheche ikiruka pale, haimchomi dereva peke yake. Kampala inajua petroli inavyoua. Juni 2013, huko Namungoona, lori la mafuta lilipata ajali na petroli ikashika moto. Watu zaidi ya 30 walikufa, wakiwamo waendesha bodaboda. Waliovutwa pale na mafuta ya bure walivutwa na umaskini, na umaskini huo huo ndio unaomlaza dereva chini ya tangi usiku.

Kuna na njia ya mkato ambayo ni mbaya zaidi. Pampu ikifa na fedha hakuna, wapo wanaofunga jerikani ya petroli ndani ya gari, wakapitisha mpira mpaka injini, wakabeba abiria. Hiyo ni kupakia moto pamoja na abiria. Chama hakiwezi kumtetea ye yote afanyaye hivyo, awe amejiamulia au ameamriwa na tajiri.

KAMA NI LAZIMA IFANYWE

Tunajua kwamba makala haitazuia kazi hii usiku wa leo. Kwa hiyo tunawakumbusha wenzetu yafuatayo.

Kwanza, hakikisheni kwamba pampu ndiyo mbovu. Pampu nyingi hununuliwa bure. Kagueni fyuzi, rilei, filta, na waya wa pampu mpaka unapogusa bodi. Mmoja azungushe starta, mwingine asikilize tangini. Kama umeme unafika kwenye pampu nayo iko kimya, hapo pampu imekufa. Kama umeme haufiki, pampu mpya haitasaidia kitu.

Pili, fanyeni mchana, mahali pa wazi, mbali na majiko na milango ya watu, wala si juu ya shimo la karakana. Sigara, sigiri na taa za moto ziondolewe. Mchanga na kizimamoto cha unga viwe karibu. Maji hayazimi moto wa petroli, huutawanya.

Tatu, toeni fyuzi ya pampu, zungusheni starta mara chache ili kupunguza nguvu iliyobaki katika bomba, kisha fungueni waya hasi wa betri kabla ya kugusa kitu kingine. Funikeni kiungo cha bomba kwa kitambaa mnapokilegeza, na mlinde macho.

Nne, mwageni mafuta kabla ya kushusha tangi. Lita 20 za petroli zina uzito wa kilo 15 hivi, nazo huyumba. Msinyonye kwa mdomo: petroli ikiingia mapafuni hujeruhi vibaya, na huweza kuua. Gari lisimame juu ya stendi madhubuti, si juu ya jeki peke yake wala mawe.

Tano, mnunue pampu inayofaa. Pampu ya kabureta haiwezi kuendesha injini ya injeksheni. Pampu ya injeksheni ikifungwa kwenye kabureta, mafuta hufurika juu ya injini yenye joto. Mpira wa ndani ya tangi uwe ule unaostahimili kuzama katika petroli. Mpira wa kawaida huvimba na kupasuka. Safisheni tangi, badilisheni kichujio na gasketi. Kabla ya kuwasha, kagueni kila kiungo kama kinavuja.

Ye yote atakayeyasoma hayo ataona kwamba hii si kazi ya watu wawili waliochoka saa tatu za usiku.

HOJA YA WENYE MAGARI

Wenye magari wana jibu lao, nasi tumelisikia mara nyingi. Husema: dereva si mwajiriwa wangu, amekodi gari, likiharibika mkononi mwake, alitengeneze.

Haya, tuikubali hoja hiyo kwa dakika moja. Mpangaji wa chumba, paa likivuja kwa uzee, ndiye anayeliezeka? Mabati ni ya mwenye nyumba, na kodi anayopokea ni kwa ajili ya nyumba isiyovuja. Basi anayekodisha gari sharti akodishe gari linalokwenda. Hata kwa mantiki yao wenyewe, pampu ni yao.

Lakini hoja yenyewe si ya kweli. Mtu anayepangiwa hesabu ya kila siku, anayeweza kunyang'anywa funguo jioni bila taarifa, si mkodishaji huru. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inatambua mkataba wa kazi hata ukiwa wa mdomo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake, na Sheria ya Fidia ya mwaka 2000 inamtaka amlipe anayeumia kazini. Tajiri anajua hayo. Ndiyo sababu hataki karatasi. Bila karatasi, dereva akiungua uani kwake, ataambiwa alikuwa nyumbani anachezea petroli.

Hapo ndipo neno hili "nyumbani" linapopata maana yake. Matengenezo yakitoka karakana yakaenda uani, gharama hutoka kwa tajiri ikaenda kwa dereva, na hatari hutoka kazini ikaenda kwa watoto wa dereva. Wenzetu mafundi wa Kisekka, Katwe na Ndeeba nao hupoteza kazi. Kama fundi fulani aliwahi kumwibia dereva kwa kumtolea kipuri kizima na kumwekea kibovu, dawa yake ni chama cha mafundi na chama cha madereva kukubaliana bei na risiti. Kila dereva kujifanya fundi gizani si dawa.

TUNAYOYATAKA

Mambo yetu ni manne. Kila dereva awe na maandishi, hata ukurasa mmoja, yanayotaja nani analipia vipuri na matengenezo. Na vipuri vya injini na vya mafuta viwe juu ya mwenye gari. Siku ambayo gari liko kwa fundi isihesabiwe hesabu. Gari likabidhiwe likiwa na kiasi cha mafuta kilichoandikwa, na lirudishwe na kiasi hicho hicho, ili pasiwe na sababu ya kukausha tangi. Na matawi yetu yachange, yawe na mahali pa wazi, stendi, kizimamoto na fundi mmoja anayeaminika, kwa ajili ya wanachama wanaomiliki magari yao wenyewe.

Hatuombi ajabu. Mwishoni mwa miaka ya 1930, madereva wa nchi hii walianzisha chama chao cha Madereva wa Magari, kikawa miongoni mwa vyama vya kwanza vya wafanyakazi Uganda. Walikuwa chini ya serikali ya kikoloni. Walijua kwamba dereva mmoja mbele ya tajiri ni mwombaji, lakini madereva wa steji nzima ni upande wa pili wa meza.

Tuanze na jambo moja. Kila dereva aandike katika daftari kila kipuri alichonunua kwa fedha yake tangu mwezi huu uanze: tarehe, kitu, bei. Daftari hizo ziletwe kwa katibu wa tawi mwisho wa mwezi. Tukizijumlisha, tutajua ni kiasi gani madereva wa Kampala wanawakopesha matajiri wao bila riba na bila ahadi ya kulipwa. Hesabu hiyo nayo tutaipeleka kwao.

Kidole kimoja hakivunji chawa.